Jinsi ya kupima miwani janja ya rubani kabla haijapanda ndege

Maswali ni yale yale kila mwaka: nianze na miwani gani, nahitaji ndege, marubani wangapi wanatosha, kwa nini alama iliyotulia mezani inahama garini. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mtunzi wa programu au rubani kijana wa Dodoma na mikoa ya jirani aliyekwisha kununua au kuunda miwani inayoonyesha kasi, mwinuko na uelekeo mbele ya jicho, na sasa anataka kujua kama inamsaidia rubani au inamziba macho.

Ndege huihitaji kwa miezi ya mwanzo. Unahitaji chumba, simyuleta, ubao mweupe, jua la Dodoma ambalo ni bure, na pikapu ya kuazima. Jambo la kushika tangu sasa ni hili: hupimi kama rubani anaiona namba kwenye kioo, maana ataiona tu, imebandikwa machoni mwake. Unapima kile anachoacha kukiona kwa sababu ya namba hiyo.

Andaa kwanza

- Miwani, chaja yake, na kioo cha kivuli kama inacho.
- Kompyuta yenye programu ya simyuleta ya ndege, X-Plane au FlightGear (hii ya pili ni ya bure), jostiki na pedali.
- Ruta ya Wi-Fi ya kazi hii peke yake, isiyounganishwa na intaneti.
- Simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde.
- Kipima mwanga kinachofika luksi 200,000. Programu za simu za kupima mwanga usizitumie kwa kazi ya juani.
- Kipande cha jipsamu bodi cha mita 1 kwa 1, kilichopakwa rangi nyeupe isiyong'aa.
- Futikamba, mizani ya jikoni, utepe wa karatasi wenye gundi.
- UPS. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, jaribio hilo linatupwa lote. Haliendelezwi pale lilipoishia.
- Marubani 12, wenye leseni au wanafunzi waliokwisha kuruka peke yao, na fomu ya ridhaa kwa kila mmoja. Kama kazi iko chini ya chuo, kibali cha kamati ya maadili kitangulie.

Hatua

1. Andika swali moja. Mfano: "Rubani akiwa kwenye mzunguko wa kutua, je, miwani hii inamfanya atazame nje zaidi bila kupoteza kasi na mwinuko?" Ukiandika maswali matano utapata majibu matano nusunusu. Kisha andika unalinganisha na nini. Mlinganisho wa haki ni kazi ileile ndani ya simyuleta ileile, mara kwa miwani, mara kwa vyombo vya dashibodi peke yake.

2. Kagua chanzo cha kila namba. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ni kosa la kuua mtu. Miwani nyingi za bei nafuu huchukua kasi kutoka GPS. GPS haijui upepo. Inatoa kasi ya ndege juu ya ardhi, wakati bawa linaishi kwa kasi ya hewa.

Tuchukue ndege ndogo ya Cessna 172S ikiruka Dodoma. Uwanja uko futi 3,673 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 31, hewa ni nyepesi kana kwamba uko karibu futi 6,400, kwa hiyo kasi halisi inazidi kasi ya kwenye kipimo kwa takribani asilimia 10. Upepo wa mashariki ni knoti 15 na unatua njia ya 09. Ukiwa umeupa upepo mgongo, kipimo cha dashibodi kinasoma 80, kasi halisi ni 88, na GPS inaonyesha 103. Rubani anayeamini kioo ataona amezidisha, atapunguza gesi mpaka kioo kisome 80. Wakati huo kipimo cha hewa kinasoma kama 59. Ndege hiyo bila flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) huishiwa mnyanyuko karibu na knoti 48 ikiwa imenyooka, na karibu 57 ikiwa imelala nyuzi 45. Kona moja kali kuelekea uwanjani inatosha.

Kwa hiyo: kama huna kasi ya hewa kutoka kwenye vyombo vya ndege, usiandike "KASI" kwenye kioo. Andika "ARDHI" au iondoe. Mwinuko nao ni vivyo hivyo. Wa GPS na wa altimita hutofautiana kwa mamia ya futi siku ya joto ukiwa juu, na ndege zote hutenganishwa kwa altimita.

3. Pima uzito na macho. Weka miwani kwenye mizani, na waya wake pia. Miwani ya gramu 70 rubani huisahau usoni. HoloLens 2 ya Microsoft ina gramu 566, na uzito wa namna hiyo ukikaa mbele ya paji la uso unavuta shingo kila kona. Pima umbali kati ya mboni kwa rula (watu wengi wako kati ya milimita 54 na 74) uone kama miwani inaweza kurekebishwa kufika hapo. Kisha tafuta jicho tawala: rubani anyooshe mikono, atengeneze tundu dogo kwa viganja, atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo, halafu afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo tawala. Kwa miwani ya skrini moja, liandike kwenye fomu. Utalihitaji kwenye hatua ya utatuzi.

4. Jaribu juani. Usitegemee ukuta mweupe saa sita mchana. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua la saa sita liko karibu utosini, na ukuta uliosimama unapata mwanga kidogo kuliko unavyodhani. Tumia jipsamu bodi, iinamishe ilielekee jua lenyewe. Bandika kipima mwanga juu yake. Ukisoma luksi 100,000, ubao huo unarudisha takribani niti 25,000 (niti ni kipimo cha mng'ao wa kitu kinachotazamwa), kiasi cha kutosha kuigiza wingu jeupe lililopigwa na jua. Mawingu makali hufika niti 34,000.

Hesabu ni hii. Kioo kinachopitisha asilimia 70 ya mwanga kinaacha niti 17,500 zifike jichoni. Ili alama isomeke, kanuni inayotumika kwa skrini za kichwa-juu (zinazochora alama kwenye kioo mbele ya rubani) ni kwamba sehemu yenye alama iwe na mwanga angalau mara 1.2 ya mandhari iliyo nyuma yake. Hiyo ina maana skrini itoe niti 3,500 zinazofika jichoni. Miwani ya niti 1,000 itatoa 1.06 tu, na rubani hataona kitu. Ukiweka kioo cha kivuli ili jumla ya mwanga unaopita iwe asilimia 20, niti 1,000 zilezile zinafikisha 1.2. Lakini sasa dashibodi ndani ya kokpiti imekuwa giza, na ndege ndogo isiyo na taa imezidi kufichika. Hiyo ni bei, iandike kwenye ripoti.

Onyo: ubao ndio unaotazamwa, kamwe si jua. Na kabla ya kuhitimisha kwamba skrini imekufa, hakikisha mtu hajavaa miwani ya jua ya polaroidi chini yake, maana inaweza kuzima mwanga wa skrini.

Rudia jaribio usiku ndani ya chumba chenye giza, mwangaza ukiwa wa chini kabisa. Kama bado unaona ukungu wa rangi kuzunguka kioo, rubani hataziona taa hafifu za nje. Hata helmeti ya ndege ya kivita ya F-35, pamoja na gharama zake, ililalamikiwa kwa mng'ao wa kijani uliowasumbua marubani waliotua kwenye meli usiku.

5. Pima kama alama inakaa mahali pake. Bandika msalaba wa utepe ukutani, kaa mita 10 kamili kutoka hapo, usawa wa jicho. Amuru miwani ichore alama juu ya msalaba. Kila sentimita 17.5 ya kosa ni nyuzi 1. Namba zinazoelea pembeni hazijali kosa hilo. Lakini kama miwani inachora mstari juu ya njia ya kurukia, nyuzi 1 ni mita 87 ukiwa kilomita 5 nje, na njia yenye upana wa mita 30 itakuwa imechorwa porini. Lenga chini ya nusu nyuzi. Geuza kichwa kushoto na kulia mara ishirini, rudi kwenye msalaba, pima tena. Kosa linalokua kila ukirudi ni hitilafu ya jairoskopu (kihisi cha mzunguko). Kosa lisilobadilika ni la upangaji, na hilo dogo, linasahihishwa kwa namba moja kwenye programu.

6. Pima uchelewaji. Kuna aina mbili, usizichanganye. Wa kwanza ni wa kichwa: umegeuka, picha inakufuata baadaye. Kichwa kikizunguka nyuzi 100 kwa sekunde, uchelewaji wa milisekunde 50 unaiacha alama nyuma kwa nyuzi 5. Wa pili ni wa data: ndege imeinama, kioo bado hakijajua.

Kwa aina ya pili, weka simu nyuma ya kioo cha miwani ili ione skrini ya simyuleta kupitia kioo hicho. Rekodi kwa fremu 240. Vuta jostiki ghafla, kisha hesabu fremu kati ya upeo wa macho kusogea kwenye simyuleta na mstari kusogea kwenye miwani. Kila fremu ni milisekunde 4.2, fremu 24 ni milisekunde 100. Zikizidi hapo kwa alama ya pua na mabawa, rubani anaanza kuikimbiza alama: anavuta, inachelewa, anazidisha, inaruka. Rudia mara kumi na uandike zote, hasa ile mbaya kuliko nyingine. Wastani unaficha mengi.

Kwenye X-Plane, washa safu za data za 3, 17 na 20 peke yake (kasi, mkao wa ndege, na mahali ilipo). Pakiti sahihi ina baiti 5 za mwanzo na baiti 36 kwa kila safu, yaani 113. Ukipokea urefu tofauti, safu nyingine imewashwa na programu yako inaweza kuwa inasoma namba isiyo yake.

7. Panda pikapu. Mvaaji akae kiti cha abiria. Dereva havai kitu. Amuru alama ikae juu ya dashibodi, kisha zungukeni kipilefti mara tatu bila mvaaji kugeuza kichwa. Kama alama inateleza pembeni, jairoskopu imedhani kichwa ndicho kilichogeuka, kumbe ni gari. Ndani ya ndege kila kona itakuwa hivyo. Dawa ni kihisi cha pili kilichofungwa kwenye chombo chenyewe, na programu itoe mwendo wa chombo kwenye mwendo wa kichwa.

Halafu ingieni barabara ya vumbi yenye mikunjo. Mvaaji asome namba kwa sauti, msaidizi aandike. Namba muhimu ikiwa na kimo chini ya nyuzi 0.4 machoni, hapa ndipo 3 na 8 zitaanza kufanana.

8. Andaa safari za simyuleta. Chagua HTDO (uwanja wa ndege wa Dodoma), nyuzi 31, upepo kutoka mashariki knoti 15, mzunguko wa kutua kwenye futi 4,700. Kila safari dakika 8 hadi 10. Kila rubani aruke nne kwa miwani na nne bila, baada ya dakika 30 za mazoezi zisizohesabiwa. Sita waanze kwa miwani, sita waanze bila. Ukiwaanzisha wote bila miwani, utakuwa umepima uzoefu wa simyuleta na kuuita faida ya miwani.

9. Weka tukio la kushtukiza. Huu ndio moyo wa kazi yote, usiuruke kwa sababu unachosha kuupanga. Mwaka 1980 watafiti wa NASA waliwapa marubani skrini ya kichwa-juu kwenye simyuleta, kisha wakaweka ndege nyingine kwenye njia ya kutulia. Baadhi yao hawakuiona, ingawa walikuwa wanatazama upande huohuo. Jicho liko nje, akili iko kwenye kioo.

Chagua kitu ambacho miwani haikionyeshi: gari la matengenezo linalovuka njia, ndege isiyo na transponda (kifaa cha redio kinachoitambulisha ndege) inayoingia kutoka kulia, kundi la tai, au kisulisuli cha vumbi kikielekea kwenye kizingiti cha njia. Kila rubani ashtukizwe mara moja tu, katika safari ya mwisho. Akishtukizwa mara mbili, ya pili anaisubiri. Kwa hiyo sita watakutana nalo wakiwa na miwani, sita bila. Andika sekunde kutoka kitu kilipoonekana hadi aliposema au alipotenda.

Usidanganywe na namba hizi ndogo. Hata watano kati ya sita wakiona bila miwani, na mmoja kati ya sita kwa miwani, tofauti hiyo inaweza kutokea kwa bahati tu karibu mara 8 katika 100. Ni sababu ya kusimama na kurekebisha, lakini si ushahidi wa kutangaza.

10. Ganda na uulize. Mbinu hii ya kupima jinsi mtu anavyoijua hali inayomzunguka, SAGAT, ililetwa na mtafiti Mica Endsley mwaka 1988. Simamisha simyuleta ghafla, zima skrini zote pamoja na miwani, uliza maswali matano au sita, endelea. Usigandishe ndani ya dakika 3 za mwanzo, na acha angalau dakika 1 kati ya mgando na mgando. Maswali yapande ngazi tatu:

- alichokiona: "Mwinuko ulikuwa ngapi?" (kubali kosa la futi 100; kasi knoti 5);
- alichokielewa: "Ile ndege ya kushoto iko juu yako au chini?"
- anachokitarajia: "Baada ya dakika mbili, ni ndege gani itakuwa karibu nawe zaidi?"

Miwani nyingi hushinda ngazi ya kwanza na kushindwa ya tatu. Ukiuliza ya kwanza peke yake, utafurahi bure.

11. Zima miwani, kisha igandishe. Safari moja, chomoa waya wa umeme wa miwani bila taarifa, pima sekunde hadi macho yafike kwenye dashibodi. Safari nyingine, chomoa mtandao ili data isimame. Hili la pili ni baya zaidi. Kioo kikiwa cheusi rubani anajua. Kioo kinachosema knoti 65 zilizopita kinamdanganya kwa uso mkavu. Data ikipita sekunde 1 bila kuhuishwa, namba iondoke na msalaba uchorwe mahali pake. Kama programu yako haifanyi hivyo, usiende hatua inayofuata.

12. Mzigo wa akili na kichefuchefu. Baada ya kila safari, jaza NASA-TLX, fomu ya kupima mzigo wa kazi: vipengele sita, kipimo 0 hadi 100. Angalia kipengele cha ufanisi: upande wa kushoto ni "vizuri kabisa", kulia ni "nimeshindwa". Wengi wanakijaza kinyume, kwa hiyo kisome kwa sauti kila mara. Uliza pia kichwa kuuma, macho kuchoka na kizunguzungu, kabla na baada. Mwenye kizunguzungu asiondoke na bodaboda yake mpaka kiishe kabisa.

Ukifika wakati wa ndege halisi

Andikia TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) mapema, ueleze kifaa na jaribio, na usubiri jibu la maandishi. Safari za kwanza mvaaji si anayeendesha. Rubani wa usalama anakaa kwenye vidhibiti bila miwani. Injini ikiwaka mkiwa bado chini, washa na zima miwani huku ukitazama dira na kusikiliza redio: dira isisogee, redio isivume. Chaja za bei rahisi za USB ndizo huvuma zaidi. Miwani itoke usoni kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 2, na waya usipite mbele ya usukani. Usichaji betri angani, wala usiache miwani ndani ya ndege iliyoegeshwa juani.

Utatuzi

*Alama zinatetemeka hata mezani.* Kihisi kina kelele au kichujio kimelegezwa. Ukikikaza, uchelewaji unapanda. Rudia hatua ya 6 kila ukikigusa.

*Rubani anaona vitu viwili, au picha inapotea na kurudi.* Kwa skrini mbili, rekebisha umbali wa mboni. Kwa skrini moja, macho yanagombana. Ihamishie kwenye jicho tawala.

*Namba zinaruka kila sekunde chache.* Wi-Fi imesongamana. Tumia GHz 5 au waya wa USB, na zima simu zilizoungana na ruta hiyo.

*Trafiki haionekani kwenye Stratux (kipokezi cha ishara za ndege nyingine).* Hakikisha antena ni ya 1090 MHz. Ya 978 ni ya Marekani. Hapa itakaa kimya milele. Na hata ya 1090 haioni ndege isiyo na transponda.

*Miwani inajizima baada ya dakika 20 juani.* Joto. Punguza mwangaza, hamishia hesabu kwenye kompyuta, tenganisha betri na fremu. Usiifunge kwa kitambaa.

*Marubani wote wanasema "ni nzuri tu".* Wanakustahi, hasa kama uliyeiunda ndiye unayeuliza, au kama mkubwa wao amekwisha kuisifu mbele yao. Mahojiano afanye mtu mwingine, mmoja mmoja, wadogo kwa umri kabla ya makapteni. Na swali liwe: "Ni wakati gani ungeivua?"